Mama aliuliza kichwa cha samaki kiko wapi

Wiki hii mmeuliza: ile hoteli ya bei kubwa uliyokula mara ya mwisho, hela yako ilienda kihalali? Nimelisoma asubuhi nikaliacha, mchana nikalirudia, saa hizi ni saa tano usiku bado linanisumbua. Jibu langu ni hapana. Ila si kwa sababu ya bei, maana hapa Mwanza mtu ukipandisha Capri Point jioni na shati limepigwa pasi unajua unaenda wapi. Mimi ningeuliza hivi, je, pale mezani walimjua mtu waliyemkaribisha?

Tulimpeleka mama. Mdogo wetu wa mwisho alipopata kazi tukasema safari hii mama asipikiwe nyumbani wala tusinunue soda na kuku, tumpeleke sehemu yenye kitambaa mezani. Jina la hoteli sitalitaja, wapo watu wanafanya kazi pale na wana watoto.

Sasa lazima niwaambie mama ni nani. Mama kauza mapanki Igogo zaidi ya miaka 20. Wa huku hamhitaji kuelezwa, kiwanda kinachukua minofu ya sangara inakwenda Ulaya, kichwa na mgongo, ndiyo mapanki yenyewe, vinabaki kwetu, na mama alikuwa anaamka saa tisa usiku kwenda kugombania ndoo yake, anarudi anayakaanga kwenye karai, jioni yameisha. Watoto wanne tumesoma kwa karai lile. Mwaka 1999 Ulaya walipozuia samaki wa ziwa letu, Victoria, kwa hofu ya sumu, nakumbuka mapanki yaliadimika na nyumbani tukala ugali na mlenda mpaka tukauchoka. Kwa hiyo mtu anayesema mambo ya soko la nje hayamhusu mama ntilie, mimi simwelewi.

Basi tumefika kabla jua halijazama. Hapo niseme ukweli, pazuri. Maji yale yanang'aa, kivuko cha Kamanga kinakuja taratibu, upepo wa ziwa unapiga, mama kavua kandambili chini ya meza akatulia. Menyu ikaja ya Kiingereza tupu. Mama akaifungua, akaifunga, akanipa. Kaniuliza sangara bei gani, nikamwambia elfu kumi na tano. Ilikuwa 42,000.

Tukangoja saa nzima na zaidi. Sahani ilipofika, katikati kuna kipande cheupe cha sangara, unene wa vidole viwili, hakina ngozi hakina mwiba, kimemwagiwa sosi ya limau na juu kijani cha giligilani, pembeni viazi vya kuponda. Mama akachukua uma, akakigeuza, akaangalia chini yake. Akakigeuza tena. Halafu akamuuliza dada aliyeleta, "Mwanangu, kichwa chake kiko wapi?"

Yule dada akacheka. Hakucheka sana, lakini alicheka, na akasema hapa hatuuzi vichwa mama. Meza ya jirani wakageuka. Mdogo wangu akaanza kukunja kitambaa, nikajua anataka kuondoka, na mimi damu ilishachemka, nilitaka kuita meneja pale pale.

Ndo akaja kijana mwingine, wala meza yetu haikuwa yake. Akainama, "Shikamoo mayu," yaani mama kwa Kisukuma. Mama akaitikia, akamuuliza kwao wapi, akasema Magu. Akaenda jikoni akarudi na jagi la maji ya vuguvugu na bakuli kubwa la bati, nadhani lilikuwa la kuchanganyia saladi, taulo begani, akamnawisha mama mkono wa kulia taratibu mpaka kwenye kiwiko, mbele ya wageni wote wale wenye glasi ndefu. Akamwambia, "Mayu, vichwa jikoni hatuletewi, kutoka kiwandani inakuja minofu tu. Ila ugali nimewaambia wasonge." Ugali ukaja, wa sembe, mgumu kidogo, mama akakata tonge, akamega kile kipande kwa mkono.

Akatafuna muda mrefu. Akasema, "Kumbe ndo huu." Tukanyamaza. "Miaka yote nashika mgongo wake, huu upande wake sijawahi kuutia mdomoni." Akamega tena. "Laini. Ila wameuosha mpaka ladha imeondoka."

Na hapo mama alisema kweli. Sangara utamu wake uko kwenye mafuta, na mafuta yako kichwani na tumboni, ukishachukua mnofu wa mgongo peke yake ukaugandisha halafu ukaumwagia limau umebakiwa na kitu kisicho na kwao. Na ziwa liko hapo chini, unaweza kutupa jiwe likadumbukia! Kirumba Mwaloni kila alfajiri kuna sato wanashushwa bado wanarusha mkia. Mpishi wa hoteli kama ile anashindwaje kuweka sato mzima wa kuchoma, na menyu ukurasa mmoja tu wa Kiswahili? Hili sitalilegeza.

Bili ilikuja 168,000 watu watatu. Mdogo wangu kalipa bila kusema neno.

Nilipoanza kuandika nilitaka kuwaambia wasomaji msiende. Ila kadiri ninavyoandika naona kuna kitu sikukitendea haki. Kichwa hakikukosekana kwa sababu ya hoteli peke yake, tangu nikiwa mtoto mji wetu umezoea hivyo, mnofu wa mgeni na mfupa wa mwenyeji, na yule dada aliyecheka pengine amefundishwa hivyo. Na yule kijana wa Magu hakuna aliyemwagiza, alifanya kwa malezi yake. Kama unanunua chakula, hela ilipotea. Kama unanunua kile alichofanya yeye, sijui ungekipa bei gani, na hoteli haiwezi kukidai ni chake.

Jumapili mama kaniuliza kama yule kijana bado yupo pale. Nimepiga simu, yupo, ila zamu za mchana. Nimewaomba sato mzima, wamesema wanaweza kama ukitoa taarifa siku moja kabla. Basi tutarudi, siku ya kazi, mchana, na bei safari hii nitamwambia mama ya kweli.