Dawa ya sonona imeninyonyoa nywele, na mume wangu hajali

*Shikamoo shangazi. Nilijifungua miezi 5 iliyopita. Mtoto alipokuwa na miezi 2 na ushee daktari alinikuta na sonona, akanianzishia sertralini miligramu 50. Wiki 3 tu, nywele zikaanza kung'oka kichwa kizima. Nimeiacha wiki 2 sasa kimyakimya, lakini mume wangu amegundua, maana huhesabu vidonge kila asubuhi. Hatupiti siku bila kugombana. Nina kizunguzungu, na kama umeme unanipita kichwani. Nadhani ni hasira anazonitia. Nahisi anataka nibaki kipara apate sababu ya kuoa. – Anayenyonyoka*

Marahaba, mwanangu. Pole, kuona kitana kimejaa nywele kunatisha. Pole yangu inaishia hapo, maana katika barua hii mwenye haki ni mumeo.

Tuhesabu na sisi. Unywele ulioshtuliwa na dawa, homa kali au uzazi hauanguki siku hiyo. Huacha kukua, ukapumzika kwenye kinyweleo miezi 2 hadi 4, ndipo ukatoka. Wiki 3 ni mapema mno kuitwika dawa mzigo wote. Rudi nyuma miezi 3 tangu zilipoanza kung'oka: unakuta uzazi. Homoni za mimba huzuia nywele zisianguke, na ukishajifungua zile zilizocheleweshwa hutoka kwa mkupuo. Nyingi huwa zimerudi mtoto akifikisha mwaka. Sertralini nayo huweza kunyonyoa, sikatai, ila ni kwa wachache, na kwa kawaida huota tena dawa ikibadilishwa.

Huo umeme kichwani usimsingizie mumeo. Ni dalili inayojulikana ya kuacha dawa hizi ghafla, pamoja na kizunguzungu, kichefuchefu na hasira za karibu. Dawa hizi hupunguzwa kidogo kidogo, kwa wiki au miezi, chini ya daktari. Na baadhi ya ugomvi huenda ni sonona yenyewe inarudi. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Eti anataka kuoa! Mwanamume anayejiandaa kuondoka hahesabu vidonge vya mkewe. Ndoa za siku hizi zina ugonjwa huu: mtu akikuangalia, anakuchunga, asipokuangalia, hakupendi. Afanye lipi?

Nendeni wote wawili kwa daktari wiki hii. Mtajie tarehe uliyoacha, na usijirudishie vidonge kwa kukisia. Kama unanyonyesha mwambie pia, ingawa sertralini ni mojawapo ya dawa zinazochaguliwa sana kwa wanaonyonyesha. Omba upimwe wingi wa damu, ferritini, yaani akiba ya madini ya chuma, na TSH, kipimo cha homoni kinachoonyesha kazi ya tezi ya shingo. Hiyo ya tezi usiiache: baada ya uzazi tezi huweza kulegea, ikaleta huzuni na kunyonyoka kwa pamoja. Na kama unameza biotini, vitamini inayouzwa kwa ajili ya nywele (wanaonyonyoka wengi huanzia hapo), mwambie daktari na uiache angalau siku 2 kabla ya kipimo, la sivyo majibu ya tezi yatadanganya. Ikionekana ni dawa kweli, atakubadilishia aina. Wakati huohuo fumua misuko ya kukaza. Hiyo hunyonyoa kingo za paji la uso bila msaada wa kidonge.

Lakini ukipata wazo la kujidhuru au kumdhuru mtoto, usingoje miadi wala majibu ya maabara. Mwamshe mumeo hata usiku wa manane, akupeleke hospitali.