Prosesa namba 152 imetoka wapi?

SWALI: Seva yetu ya Linux yenye prosesa za POWER8 za IBM ina viini 20. Tukizima SMT (uwezo wa kiini kimoja kufanya kazi kama prosesa kadhaa), programu yetu ya usuli inayosogeza kumbukumbu karibu na prosesa inaanguka. Kwa nini?

JIBU: Mmechanganya idadi na namba. SMT ikizimwa zinabaki prosesa 20, lakini kila kiini kina namba nane na hubaki ya kwanza tu, hivyo namba zake ni 0, 8, 16, hadi 152. sysconf(_SC_NPROCESSORS_ONLN), inayouliza idadi ya prosesa zilizowashwa, hurudisha 20. Mkiandika nafasi ya 152 kwenye safu (array) ya nafasi 20, mnaharibu kumbukumbu ya jirani. Isipoanguka ni hatari zaidi, maana itahamisha kurasa za kumbukumbu kwa takwimu za uongo.

Pimeni safu kwa namba kubwa kabisa iliyo kwenye /sys/devices/system/cpu/possible, muongeze 1. Katika /proc/stat, faili la takwimu za prosesa, someni namba kutoka kwenye jina (cpu8), msihesabu mistari: prosesa zilizozimwa hazimo. Kujaribu kwenye mashine ya Linux yenye prosesa zaidi ya nne na inayoruhusu kuzizima, zimeni moja ya katikati mkiwa root (msimamizi):

echo 0 > /sys/devices/system/cpu/cpu3/online