Kamera ya porini: tazama mpira kabla ya megapikseli

Wadogo zangu mnaoanza kupiga picha za safari, karibu kila mmoja wenu huniuliza kamera fulani ina megapikseli ngapi. Mimi nikishika kamera dukani nafungua kwanza kifuniko cha betri, nautazama ule mpira mwembamba unaokizunguka kuzuia maji.

Adabu hiyo nilifundishwa na ufukwe wa Jambiani, Zanzibar. Nilibadili betri ufukweni huku upepo unavuma, nikafunga, nikaingia majini. Chembe ya mchanga ilikuwa imelala juu ya mpira. Maji hayajanifika kifuani, kioo kikazima. Boksi la kamera liliandikwa kuwa inazama hadi mita 15, na wala halikudanganya. Mzembe nilikuwa mimi. Tangu siku hiyo betri nabadilishia chumbani, na nikitoka baharini naisuuza kamera kwa maji yasiyo na chumvi kabla ya kufungua chochote.

Sasa, zipo kamera za kuzama na zipo za kuvumilia manyunyu. Msizichanganye. TG-7, kamera ndogo ya kampuni ya OM System, inashuka mita 15, inahimili kuanguka kutoka mita 2.1 na baridi ya nyuzi 10 chini ya sifuri. Kwa pwani na mvua za masika inatosha kabisa. Lakini sensa yake, yaani kile kipande kinachonasa mwanga, ni ndogo, kwa hiyo jua likizama picha hujaa chenga, na lenzi yake haivuti mbali: simba wa Serengeti atatoka kama paka.

Anayetaka wanyama atanunua bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi, ya kubadilisha lenzi. OM-1 ya kampuni hiyohiyo, kwa mfano, ina daraja la kinga la IP53. Tarakimu ya kwanza ni ya vumbi, ya pili ni ya maji, na 3 maana yake ni mvua, si kuzamishwa. Tena kinga hiyo hutegemea lenzi. Igeuzeni lenzi muone kama kuna pete ya mpira kuzunguka chuma cha nyuma. Lenzi nyingi za bei nafuu zinazouzwa pamoja na bodi hazina.

Hata ikiwepo, kiangazi msibadili lenzi ndani ya gari lililofunguliwa paa. Funga moja ndefu asubuhi, ifunike kwa khanga, mshinde nayo.

Ukungu wa kwenye lenzi nao husumbua. Ukitoka chumba chenye kiyoyozi Zanzibar, iache kamera ndani ya begi lililofungwa kama nusu saa ipate joto polepole.

Na mnaopanda Kilimanjaro: usiku wa kuelekea kileleni, mita 5,895, baridi inaweza kupita hizo nyuzi 10 chini ya sifuri. Betri laleni nazo, mzibebe mfuko wa ndani. Iliyozima kwa baridi msiitupe, ipasheni mwilini, mara nyingi huamka ikatoa picha kadhaa.

Mkinunua mtumba, chungulieni ndani ya tundu la betri. Mkiona kutu ya kijani, rudisheni mezani hata kama bei inachekesha.