Maswali ya Wasomaji: Digrii ya Picha Iko Mkononi, Kazi Iko Wapi?

SWALI: Asalaam alaykum. Mimi ni msichana wa Mkomani, Lamu. Nimemaliza digrii ya upigaji picha Nairobi, nimerudi nyumbani nangojea mahafali. Wenzangu wanasema huku hakuna kazi ila kuwapiga picha watalii kwenye mashua. Nina kamera moja, lenzi ya milimita 35 na ya 85, na flashi. Nianzie wapi? — Mhitimu, Mkomani

JIBU: Waalaykum salaam, mwanetu. Wenzako wanatazama pwani, wewe tazama ndani ya nyumba. Kupamba, yaani sherehe ya kumwonyesha bibi harusi aliyepambwa, ni shughuli ya wanawake pekee. Mpiga picha mwanamume haingii, na mara nyingi hata simu hukusanywa mlangoni. Mwenye harusi hatakuuliza kamera ina megapikseli ngapi. Atauliza picha zitaonwa na nani, na jibu lake liwe limeandikwa kabla hujapokea arbuni.

Ukurasa mmoja watosha. Andika kwamba picha utazisafisha (kuzihariri kwenye kompyuta) mwenyewe, hazitapelekwa kwa kijana wa studio. Kwamba hazitapanda mtandaoni, hata kwenye hifadhi ya faragha. Kwamba utazikabidhi kwenye diski ya nje (hard disk), mkono kwa mkono, kwa bibi harusi au mamake. Na kwamba nakala zako utazifuta siku 30 baada ya yeye kufungua diski, kuhesabu faili na kutia saini. Hesabu hiyo msiiruke: ukifuta kwanza, kisha diski ikagoma, hamna pa kukimbilia.

Ahadi huvunjwa na mashine kuliko na mtu. Zima Wi-Fi ya kamera, na zima uhifadhi wa kiotomatiki wa laptopu, ambao hupandisha folda mtandaoni wewe umelala. Kufomati kadi pekee hakutoshi, maana kuna programu za kurudisha faili. Fomati, rekodi video ya ukuta mtupu mpaka kadi ijae, kisha fomati tena.

Sasa taa. Chuoni mlifundishwa kuelekeza flashi juu ili mwanga urudi laini. Kwenye nyumba ya kale dari ni boriti, zina giza na mianya, na mwanga haurudi. Geuza kichwa cha flashi kwenye ukuta wa chokaa ulio ubavuni mwako au nyuma yako. Anza na ISO 1600 (wepesi wa kamera kuona mwanga), f/2.8 (upana wa tundu la lenzi) na shata 1/100 (muda wa kupokea mwanga, kwa sekunde). Hiyo 1/100 ina sababu: umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde, na shata ya kielektroniki ya kimya ikienda mbio hutoa mistari myeusi kwenye picha. Tumia shata ya kawaida. Taa za rangi za wapambaji ziombe zizimwe kwa dakika kumi tu bibi harusi anapoketi. Ngozi ikishageuka zambarau, hakuna usafishaji utakaoirudisha vizuri. Na hina usiipige ikibanduliwa tu, ingali na rangi ya chungwa. Huiva siku ya pili, basi picha za mikono zipangie miadi yake.

Utajitangazaje kwa picha usizoweza kuzionyesha? Mikono yenye hina, vikuba vya asumini, dhahabu kifuani, bila uso, na kwa idhini ya maandishi. Chapisha 15 hadi 20 kwenye albamu ya A4 na uwaonyeshe kina mama nyumba kwa nyumba. Ukipeleka 80, watakumbuka mbovu.

SWALI: Nami ni mhitimu mwaka huu. Hoteli moja ya Shela yataka niwapigie picha za vyumba. Malipo ni kulala na chakula, ati “utapata jina”. Wanataka pia faili zote. Picha zitakuwa zangu au zao? — Langoni, Lamu

JIBU: Usipoandika kitu, ndugu, ni zao. Hapa ndipo wahitimu wengi hunaswa, kwa sababu vitabu vingi walivyosoma vimeandikwa Uingereza na Marekani, ambako kwa kawaida mpiga picha wa kujitegemea hubaki na haki zake. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inasema kazi iliyoagizwa na mtu asiye mwajiri wako, hakimiliki yake huhesabiwa imehamia kwake, isipokuwa mmekubaliana vingine. Basi kubalianeni vingine: “Hakimiliki inabaki kwa mpiga picha. Hoteli itazitumia kwenye tovuti, mitandao yake ya kijamii na vipeperushi kwa miezi 24. Matumizi mengine yatalipiwa kando.” Wageni au wafanyakazi wakionekana, kila mmoja atie saini ya idhini, na mtoto atiliwe na mzazi wake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini, na saini ndiyo ushahidi wako.

Kulala hakununui kamera. Tuseme vifaa vyako ni Sh240,000 na vitadumu miaka 4: hizo ni Sh5,000 kwa mwezi, na kwa kazi 4 za mwezi ni Sh1,250 kwa kila kazi kabla hujalipwa hata dakika moja. Picha 250 za kusafisha kwa dakika 2 ni zaidi ya saa 8. Weka vyote kwenye bei. Hoteli yenye mhasibu pia itakudai ankara ya eTIMS (mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya kodi, KRA), kwa hiyo jisajili mapema.

Kazini, weka kamera kwenye tripodi kimo cha mita 1.2, sawasawa kabisa. Ukiinamisha, milango huonekana inaanguka. Vyumba vya kale ni vyembamba kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti, kwa hiyo azima lenzi ya milimita 16 hadi 24. Ukuta mweupe huidanganya kamera ikautoa kijivu: ongeza stopu moja, yaani mwanga maradufu. Zima taa zote, kwani mwanga wa dirisha ni wa buluu na wa balbu ni wa manjano, na huwezi kurekebisha mmoja bila kuharibu mwingine. f/8, ISO 100, picha tatu zilizopishana stopu mbili za mwanga, ili uziunganishe baadaye.

SWALI: Lenzi yangu imeota nyuzi nyeupe ndani. Ni vumbi? — Malindi

JIBU: Ni ukungu. Mpelekee fundi upesi, maana ukikaa hula mpako wa kioo, na hapo haisafishiki. Zilizobaki ziweke kwenye boksi la plastiki linalofunga sawasawa, pamoja na vifuko vya silika (silica gel) vya kunyonya unyevu, na kipima unyevu. Shikilia asilimia 40 hadi 50. Mfuko wa ngozi haufai, unatunza unyevu. Ukitoka chumba chenye eisii (kiyoyozi), acha begi limefungwa nusu saa kabla ya kutoa kamera, la sivyo lenzi itatokwa na jasho.