Maswali ya Wenye Nyumba: Rangi Inayobambuka

SWALI: Ukuta wa chumba ninachopangisha, unaopakana na bafu, unabambuka rangi kila mara. Nipake rangi gani?

JIBU: Usinunue rangi bado, ukuta una maji. Funga koki zote, kisha tazama mita. Ikiendelea kuzunguka, kuna bomba linalovuja. Ikitulia, kagua viungo vya vigae na pembezoni mwa tundu la maji machafu.

Ukishaziba, bandua plasta iliyolegea hadi kwenye tofali na uache pakauke, hata kwa wiki kadhaa. Hapa ndipo wengi huharakisha kwa kuogopa kukosa kodi. Kujua kama pamekauka, bandika kipande cha nailoni ukutani, ziba kingo zote kwa utepe wa gundi, ukifunue baada ya saa 24. Kikiwa na umande upande wa ukutani, bado hapajakauka.