Kabla hujampa mchele, muulize anafanya kazi gani

Miaka mitatu mfululizo nilimpa mama yule yule kilo tano za mchele, sukari na tende. Ilikuwa kila Ramadhani, hapa Ujiji, Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika, nyuma ya msikiti wetu, na mimi ndiye niliyeshika daftari la majina. Mwaka wa tatu, 2022, nikajikuta naandika jina lake na idadi ya watoto wake kabla hajafungua mdomo. Nikaona haya. Kesho yake nikamfuata mwalo wa Katonga, anakoanika dagaa.

Mvua ilikuwa imepita alfajiri. Dagaa wake walikuwa wametandazwa juu ya mchanga, na mchanga wote umelowa. Alikuwa amechuchumaa akiwageuza kwa mikono, wengine wameshaanza kulegea tumbo na kutoa harufu. Akachota konzi moja akanitilia kiganjani. Nilipowasugua kidogo, dagaa wakavunjika na mchanga ukabaki umenigandia mkononi. "Hawa mnunuzi anataja bei anayotaka yeye," akasema.

Nikamwambia yale tunayosemaga: awe na subira, riziki anayo Mungu. Akanitazama kwa upole. "Mwanangu, riziki Mungu kashaileta mwaloni usiku. Mimi ndiye nashindwa kuikausha."

Nimekulia kando ya ziwa hili lakini hesabu yake sikuwahi kuipiga. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Mbalamwezi ikishika, vyombo vinalala, kwa hiyo kila mwezi mwanikaji ana siku zake za kukosa. Masika yakiingia, hata siku za kupata zinaliwa na mvua. Na miaka ile Ramadhani ilikuwa imeangukia masika. Ndiyo maana tulikuwa tunamkuta kwenye foleni kila Ramadhani, wala si kwa uvivu, kama baadhi yetu tulivyonong'ona. Majirani zake wenye chanja, yaani kitanda cha miti kilichotandikwa wavu, dagaa wao wanapata hewa juu na chini, hawashiki mchanga, na wingu likitanda wanawafunika kwa turubai. Yeye chanja hakuwa nayo. Akikwama alikuwa anakimbilia mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa, na ukishaingia huko hata dagaa wazuri unawauzia deni.

Niliporudi nikaiomba kamati yetu ya msikiti imnunulie chanja, kukazuka mjadala mzito. Wapo waliosema sadaka ni chakula, fedha ya Mungu isigeuzwe mtaji. Sheikh wetu ndiye aliyetutuliza. Akatukumbusha kisa cha yule mtu wa Madina aliyekwenda kuomba kwa Mtume, akaambiwa alete alichonacho nyumbani: kitambaa na bakuli. Vikanadiwa kwa dirhamu mbili. Moja akanunulie chakula cha watu wake, ya pili shoka, na Mtume mwenyewe akamtilia mpini, akamwambia akakate kuni na asionekane siku 15. Sheikh akaongeza kwamba Imamu Nawawi, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu yetu ya Shafi aliyefariki mwaka 1277, alisema fundi maskini apewe katika zaka kiasi cha kununulia zana zake, ziwe za bei ndogo au kubwa. Ila zaka ya fitri, ile ya kumalizia Ramadhani, akatuonya tusiiguse: hiyo kwetu hutolewa chakula, pishi kwa kila kichwa. Kumbe tulikuwa tunaitendea zaka ya mali kama fitri, asilimia mbili na nusu ya mwenye nacho inaishia kwenye vifurushi vya mchele.

Kisa kile nakipenda kwa sababu ya dirhamu ya kwanza. Chakula kilitangulia. Usimpe mtu shoka watoto wake wakiwa na njaa.

Tulimnunulia mbao, misumari, wavu na turubai, chanja mbili. Mwaka uliofuata foleni hakuja.

Tukajiona tumejua. Haraka haraka tukamnunulia mjane mwingine cherehani, kwa kuwa tulisikia kikundi fulani kimefanya hivyo na kikasifiwa. Miezi miwili baadaye akaiuza. Tulimsema sana, na mpaka leo naumia nikikumbuka, maana hakuna aliyewahi kumuuliza kama anajua kushona. Alikuwa mkulima wa muhogo. Jembe na kibarua wa siku nne vingemtosha.

Kwa hiyo ukiwa na cha kutoa, nenda kwanza mahali anapofanyia kazi, tena siku ya kazi. Uliza nini kinamkwamisha, halafu nyamaza usikilize. Na kama kinachohitajika kimezidi mfuko wenu, zipo zile asilimia 10 za mapato ya ndani ambazo halmashauri hukopesha vikundi, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Hazina riba, na kwa sisi hilo ni jambo kubwa. Zilisimamishwa mwaka 2023 zikarudi mwaka uliofuata. Kazi kubwa ni makaratasi ya kikundi, na hapo mtu anayejua kuandika anaweza kutoa sadaka bila hata shilingi.

Halafu Mei 15, 2024 uvuvi ziwani ukafungwa kwa miezi mitatu ili samaki wazaliane. Nia ni njema, nami naiunga mkono. Lakini chanja bila dagaa ni miti tu. Mwezi Juni nikaenda kwake na mfuko wa unga na sukari. Safari hii sikuuliza lolote. Nilikuta chanja zote mbili zimejaa muhogo, anaukausha kwa ajili ya ugali. Akaupokea unga, akanisogezea kigoda na kisu, tukamenya mihogo iliyobaki mpaka adhana ya alasiri.