Kiolezo cha Excel kilichoniokoa na tarehe za kubahatisha

Natunza hesabu za duka la vifaa vya ujenzi Kariakoo. Kwa muda mrefu, kila nilipofungua Excel nilianza upya: kupanua safu, kuweka mkato kwenye maelfu, kuondoa senti ambazo hakuna anayezitumia. Niliona ni kawaida, mpaka tarehe iliponiumiza. Niliandika 5/4 nikimaanisha tarehe tano Aprili. Kompyuta, iliyokuwa kwenye mpangilio wa Marekani, ikasoma Mei nne. Mteja aliyepitisha siku za kulipa akaonekana bado ana nafasi, nami nikamkopesha mzigo mwingine.

Tangu hapo natumia kiolezo, yaani faili la mfano ambalo Excel hulifuata kila unapoanza faili jipya. Fungua faili tupu, lipange jinsi unavyotaka kila faili jipya lizaliwe. Langu lina karatasi ya A4, fedha bila desimali, vichwa vya safu vinavyojirudia kila ukurasa unaochapwa, na tarehe yenye mwezi kwa herufi. Mwezi kwa herufi hauzuii kompyuta kusoma vibaya, ila kosa unaliona palepale. Dawa yenyewe ni kubadili mpangilio wa eneo (Region) kwenye Windows. Usiache kufanya hivyo.

Kisha bonyeza F12 na uchague aina ya faili ya kiolezo, .xltx. Anza na aina, kwa sababu ukiichagua Excel inakuhamishia folda nyingine yenyewe. Ndipo kwenye nafasi ya jina uandike %appdata%\Microsoft\Excel\XLSTART, ubonyeze Enter ili folda hiyo ifunguke, na ulisevu kwa jina Book. Jina hilohilo, bila kuongeza neno.

Hapa wengi hukata tamaa: ukibofya faili tupu kwenye ukurasa wa mwanzo wa Excel, kiolezo chako hakitokei. Bonyeza Ctrl+N, au uzime ukurasa huo kwenye mipangilio. Shiti unazoongeza ndani ya faili nazo zina kiolezo chake, Sheet.xltx, chenye shiti moja tu.

Wenye LibreOffice Calc, programu nyingine ya aina ya Excel, wana nafuu: unaposevu kiolezo, unaweka alama ya tiki kiwe cha kuanzia, basi.

Kiolezo hukaa kwenye kompyuta moja, kwa mtumiaji mmoja. Nililisahau hilo, kijana wetu wa kaunta akaendelea na tarehe zake za zamani wiki nzima. Nilinakili faili kwa flashi nikamwekea.